Nguo za Kiti cha Mzee Sylvain

Mujinga hakufunzwa kazi ya viti na mtu yeyote. Aliianza kwa hasira. Yeye na mumewe Ruben walipohama kutoka Kolwezi na kupanga nyumba Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, walikuja na fotei mbili zilizochoka, springi zimetoboa kitambaa na kumchoma kila mgeni aliyekaa bila kuonywa. Fundi mmoja alizichukua, akakaa nazo msimu mzima wa mvua, akazirudisha zimevaa kitambaa kipya kinachong'aa. Mujinga akakaa, akasikia harufu. Alikwenda jikoni akachukua kisu, akaupasua mgongo wa fotei mbele ya fundi mwenyewe, na humo ndani akakuta nyasi zilezile zilizooza, pamoja na panya aliyekauka. Tangu hapo hakuna fundi mwingine aliyegusa kiti chake.

Alianza na alichokuwa nacho. Mpira wa ndani wa tairi la lori aliukata vipande virefu, akavivuta kwa nguvu na kuvisuka juu ya fremu jinsi mkeka unavyosukwa, na kikalio kikawa kinanesa vizuri kuliko springi za dukani. Sindano yake ya kupenya sponji ilikuwa spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe na kuipinda. Suruali za jinzi za mitumba, zile ambazo hakuna mwenye kiuno cha kuzivaa, alizifumua zikawa kitambaa, na mifuko ya nyuma akaiacha ilivyo kwenye mikono ya kiti, ili mtu atie miwani yake na rimoti. Shemasi mmoja wa parokia alitengenezewa kiti kizima kwa tai za mitumba zilizounganishwa moja kwa nyingine, na shemasi huyo, mtu mkavu asiyecheka ovyo, alikikalia akacheka mpaka akafuta machozi. Majirani waliomteta mwanzoni wakaanza kumletea viti vyao kwa mlango wa nyuma, wakidai wamepita tu kumjulia hali. Aliwapokea na kuwatania, maana ana mdomo, mama huyo, na hajawahi kuuficha.

Lakini kulikuwa na kiti kimoja ambacho Mujinga, pamoja na mdomo wake wote, hakuthubutu hata kukiegemea. Kilikuwa mtaa wa Makomeno, sebuleni kwa wakwe zake.

Mwenye kiti alikuwa Mzee Sylvain, babake Ruben, mtu wa Kabalo ambaye baba yake alishuka kusini akifuata reli, na yeye mwenyewe akazeekea katika karakana ya reli. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango, na alipokuwa kijana alijitengenezea kiti kinacholingana na mwili wake, kwa mbao za mulombwa alizoziokoa kwenye behewa lililokufa. Hakuna mwingine aliyekikalia. Si kwamba alikataza. Hakuna aliyewahi kumsikia akikataza. Watoto walijua tu, na wajukuu nao wakajua, na walipopita sebuleni walikizunguka kile kiti kwa mbali kana kwamba kuna mbwa amefungwa pale.

Hata mkewe, Jeanne, hakukikalia. Jeanne ni mwanamke mdogo, mdogo kweli, mwenye mikono isiyotulia. Katika nyumba ile yeye alikaa kwenye mkeka, au kwenye ndoo iliyopinduliwa, au ukingoni mwa kitanda akishona. Kazi yake juu ya kiti ilikuwa moja: kukivalisha. Kitambaa kilipochakaa alishona kingine, akakivalisha juu ya kile cha zamani. Hakuwahi kutoa cha chini. Mujinga, aliyekuwa na maoni kuhusu kila kiti cha Lubumbashi, aliona ni kazi ya kizembe, ila hilo alilimeza.

Alikuwa na jambo jingine la kumeza. Alipoolewa, kuna watu wa ukoo wa Ruben walionung'unika kwamba kijana amefuata mwanamke wa Kasai wakati wasichana wa kwao wamejaa. Mama yake Mujinga, aliyeuza vitenge sokoni maisha yake yote, aliyasikia hayo, na siku ya harusi alichagua kitenge bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, cha manjano chenye ndege wa buluu, akampa Jeanne kwa mikono miwili. Kisha maharusi wakaenda kukaa Kolwezi kwa miaka yao ya kwanza. Waliporudi, Mujinga alitazamia kumwona Jeanne amekivaa kile kitenge kanisani, kwenye ubatizo, kwenye Krismasi. Hakukiona. Mama yake kila akimtembelea alimuuliza, kwa sauti ya kujifanya hajali, "Alikivwala?" Na Mujinga alijibu, "Bado, Mama." Mama yake akafariki jibu likiwa bado lilelile.

Basi, Mzee Sylvain naye akafariki, katikati ya masika. Kama ilivyo desturi, viti vyote vilitolewa uani chini ya turubai kwa ajili ya waombolezaji, na ndani akabaki mjane kwenye mkeka na wanawake wenzake. Kile kiti nacho kilitolewa na wenzake wa karakana, kwa mara ya kwanza, kikawekwa mbele, na juu yake ikasimamishwa picha ya marehemu yenye shada la maua. Jioni ya siku ya mazishi mvua ikashuka, ile ya Katanga isiyobisha hodi, turubai likapasuka, na ukoo mzima ukakimbilia picha. Picha iliokolewa haraka sana. Haikulowa hata kioo. Kiti kikabaki nje. Watu waliingiza ndani viti vya plastiki, benchi, masufuria, spika za muziki wa dini, na kila mmoja alipofika kwenye kiti cha mzee mikono yake ilikataa, kwa sababu miaka yote hakuna kati yao aliyekigusa. Mvua ilikinyeshea mpaka asubuhi.

Mujinga alipokiona kimevimba, maji yanakichuruzika, alilia kuliko alivyolia makaburini. Aliona aibu ya kulilia kiti, ila ndivyo ilivyokuwa.

Matanga yakaisha, wageni wakatawanyika, na Jeanne hakuinuka. Miezi ikapita. Alivaa nguo zake nyeusi za ujane, akakaa kwenye mkeka uleule, kwenye sakafu ileile ya simenti, akaanza kukohoa. Alikula kidogo. Akiletewa kiti alitikisa kichwa. Zéphirin, mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa na mtu wa taratibu, alipanga Jumapili ya kumvua nguo nyeusi: ibada kwanza, kisha nyumbani mjane anavuliwa, anavalishwa nguo mpya, anainuliwa kutoka chini na kuketishwa kitini mbele ya watu wote. Hapo ujane wake wa sakafuni unakuwa umekwisha. Alikuja kumweleza, na Jeanne akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mutanivula nguo, ni sawa," akasema. "Lakini muniachiye mukeka yangu."

"Yaya, haiwezekane," Zéphirin akamjibu shemeji yake, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa. "Inapashwa wikale ku kiti."

"Kiti gani? Mimi niko na kiti gani mu hii nyumba?"

Zéphirin akachukua kofia yake, na Ruben aliyesimama mlangoni akampisha. Njiani kurudi Bel-Air, Ruben alimwambia mkewe kwamba anaogopa. Mama yake asipoinuka siku ile, mbele ya ukoo mzima, hatainuka tena. Atakohoa pale chini mpaka wamtoe kama walivyomtoa baba. Alilisema hilo akitazama barabara.

Mujinga hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa ameshaamua. Alijitokeza Makomeno na kikapu chake cha vifaa, akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Mama, munipatie ruhusa. Minataka kutengeneza kiti ya Baba."

Jeanne alikitazama kikapu. "Tengeneza," akasema. "Lakini usiivule."

Mujinga akaitikia, na moyoni akasema haya ni maneno ya uzee. Kiti kimeoza, utakitibuje bila kukivua? Alikiburuta mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, mahali ambapo mlango wa sebule ulikuwa wazi ila mkeka haukuonekana, akachukua bisibisi bapa na koleo, akaanza kung'oa.

Kitambaa cha juu alikijua: pazia la kahawia lenye maua, lililokuwa dirishani pale pale sebuleni. Lilitoka kwa urahisi, likinuka ukungu. Mujinga alilitupa kando, akanyoosha koleo kwa msumari mwingine, akatazama kilichokuwa chini yake. Mkono ukasimama hewani.

Ndege wa buluu. Manjano ilikuwa imefifia kwenye kikalio, lakini ubavuni na nyuma, ambako jua halikufika, ilikuwa inawaka vilevile kama siku mama yake alipoikunja. Na haikuwa imebandikwa ovyo. Kila ndege alikuwa amelinganishwa na mwenzake kwenye mshono, bawa kwa bawa, kazi ya kuumiza macho, kazi ambayo Mujinga mwenyewe na majivuno yake yote angeikimbia. Mtu alikaa na kitenge hiki siku nyingi. Mtu alikiheshimu.

Mujinga alikaa chini, kwenye vumbi, koleo mkononi. Alishikwa na bumbuwazi, na wala hakujaribu kujizuia kulia.

Alipoinuka aliendelea polepole, na sasa alikuwa anaogopa, woga wa mtu aliyeingia kanisani bila kuvua kofia. Chini ya ndege palikuwa na kitambaa kizito cha buluu, na alipokigeuza akaona tundu za vifungo na doa la grisi lisilofutika: ovaroli la karakana, lile la mwisho la Mzee Sylvain kabla ya kustaafu. Chini ya ovaroli palikuwa na kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni, kimelika na kuwa laini mahali fundo lilipofungwa. Kwenye mgongo wa kiti, pale kichwa na mabega vinapoegemea, palishonwa kigauni kidogo cha mtoto wa kike, chote kizima, mikono yake imenyooshwa. Na chini kabisa, skai nyekundu, ile ngozi ya bandia, iliyopasuka, imepigiliwa kwa misumari ya shaba ambayo haikuwa ya dukani. Vichwa vyake vilikuwa haviko sawa. Mtu aliifua mwenyewe, mmoja mmoja, kwa nyundo, alipokuwa kijana na amepata nyumba na mke.

Huo ndio uzembe aliokuwa akiutazama miaka yote na kuumezea maneno.

Hakujua afanye nini zaidi ya kile anachokijua. Alichota maji, akatia sabuni, akavifua vyote kwa mikono, kimoja kimoja, ukungu ukatoka. Kisha akavianika kwenye kamba ya uani, kutoka ukutani hadi kwenye mpapai: pazia, ndege, ovaroli, kitambaa cha kubebea, kigauni, na hata ile skai. Upepo ukavichukua. Ovaroli likajaa hewa, likawa na kifua.

Alisikia miguu nyuma yake. Jeanne alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono yote miwili.

"Nilikuambia usiivule," akasema.

"Mama, ilikuwa inaoza. Munisamehe. Sikujua."

Jeanne aliuachia mwimo. Mujinga alitaka kukimbia kumshika, ila kitu kilimwambia atulie, akatulia. Mwanamke yule mdogo, ambaye kwa miezi yote hakutoka mkekani isipokuwa kwenda kujisaidia, alivuka ua peke yake mpaka kwenye kamba. Alianza na pazia. Akalishika, akalipita. Alipofika kwenye ovaroli aliinua mkono mtupu wa nguo ile akauweka shavuni, akasimama hivyo kwa muda mrefu, na Mujinga akatazama chini kwa adabu.

"Hii nilibebeamo batoto bote," Jeanne akasema alipofika kwenye kitambaa cha mgongoni. "Ruben alikuwa muzito, ule."

"Na hii kaguo, Mama? Ni ya nani?"

"Ya Sephora. Mukubwa ya Ruben. Alikufa bado mudogo, na Ruben hayazaliwa." Akakinyoosha kola kwa kidole. "Baba hakulia mbele ya bantu. Hakusemaka ata jina yake. Nikaishona pale, bila kumuambia. Alikuwa anarudia ku kazi, anaikala, anaegamiya mutoto yake."

"Hakujua?"

"Alijua. Siku ya kwanza alipapasa na mukono, ku mugongo ya kiti. Hakuuliza. Alibakia pale mpaka chakula ikapola."

Mujinga alikibana kigauni vizuri kwenye kamba. Aliwatazama wale ndege wa buluu wakipepea, akajua kwamba asipouliza sasa hatauliza tena.

"Na hii ya mama yangu? Nilizani hamukuipenda. Hamukuivwalaka ata siku moja."

Jeanne akamgeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeshangaa kweli. "Kuivwala? Ile kitenge? Kama ningeivwala, jua ingeipausha, ingekwisha, ningepangusia meza. Niliiweka fasi ya muzuri yenye ilikuwa mu hii nyumba. Ilikaaka pale miaka yote mulikuwa Kolwezi. Bantu benye walikuwa banasema mambo juu ya ba Kasai, bakuya kusalimia Baba, bakaona iko anaikalia nini." Akashusha pumzi. "Kisha ikaanza kupauka. Njo nikatia pazia juu yake, kwa kuichunga."

Mujinga akamwinamia yule mama, akamshika miguu kwa mikono miwili kama wanavyofanya watoto wa Kasai mbele ya mtu wanayemstahi.

Siku zilizofuata Jeanne hakurudi mkekani mchana. Alitoka uani, akaketi juu ya ndoo yake, akamsimamia fundi. Mujinga alisugua fremu mpaka mulombwa ikarudisha wekundu wake, akasuka mpira wa tairi kwa kikalio, akaweka sponji mpya nene. Alipima urefu wa kiti kwa kumbukumbu ya mzee: magoti yale marefu yafike wapi, kiwiko kikae wapi. Alitaka kiwe kilekile, bila kupunguza hata upana wa kidole, na alijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna kosa.

Nguo alizirudisha kwa mpango wake wa zamani, ya chini chini na ya juu juu, Jeanne akimtajia. Ila safari hii Mujinga alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla. Alikata kila kitambaa kikawa kifupi kidogo kuliko kilichopo chini yake, ili mbele ya mikono ya kiti mapindo yote yaonekane, moja likichungulia chini ya jingine: ukanda mwekundu wa skai na misumari yake ya shaba, ukanda wa kitambaa cha mgongoni, ukanda wa buluu ya karakana, ukanda wa manjano na mabawa, kisha kahawia ya pazia. Kigauni alikirudisha mahali pake mgongoni, ila hakukifunika. Juu hakuweka kitu kipya. Jeanne alizunguka kiti mara kadhaa, ameziba mdomo kwa kiganja.

"Haikuwa inaonekana hivi," akasema. "Nilikuwa naifunika tu. Sikujua iko hivi."

Jumapili ikafika. Ua ukajaa watu wa parokia, wa ukoo, majirani wa Makomeno, na madumu ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, yakapangwa chini ya ukuta. Wanawake walimwingiza Jeanne chumbani, wakamvua nguo nyeusi, wakamvika nguo mpya nyeupe yenye maua, wakazitia zile nyeusi kwenye beseni ili zichomwe, maana ndivyo taratibu inavyosema. Wakamketisha mkekani kwa mara ya mwisho. Kiti kililetwa na Ruben na binamu zake, kikawekwa sebuleni mahali pake pa zamani. Mlango na madirisha yakajaa vichwa. Kila mmoja aliona mapindo yale na kila mmoja akatambua la kwake. Mzee mmoja wa karakana alivua kofia mbele ya ule ukanda wa buluu.

Zéphirin akasali, kisha akanyoosha mkono. "Yaya Jeanne, simama, wikale."

Jeanne alikitazama kiti. Hakunyanyuka. "Ile ni kiti ya Baba," akasema, na kwenye mlango watu wakaanza kutazamana. Ruben alifumba macho.

Mujinga akaingia katikati, bila kuombwa, mbele ya wakwe wote. "Mama, ni mikono yenu njo iliivwalisha. Hakuna uzi mu ile kiti yenye hamukutia. Baba alikuwa anaikala mu nguo zenu. Sasa muikale na nyinyi."

Jeanne akampa Zéphirin mkono mmoja, Ruben mkono wa pili, akainuka, magoti yakilia. Aligeuka. Alijishusha kidogo kidogo, kama mtu aingiaye maji asiyoyajua kina, akakaa.

Na miguu yake haikufika chini.

Ilining'inia, miwili, ndani ya viatu vipya, juu kabisa ya sakafu, kama ya mtoto aliyewekwa kwenye benchi la kanisa. Mujinga alikuwa amepima kila kitu, na alimpimia maiti. Katika ukoo mzima, na yeye fundi akiwemo, hakuna aliyefikiria kumpima mwanamke mwenyewe. Jeanne alishika mikono ya kiti kwa nguvu; alionekana yu karibu kuteleza, kurudi chini. Mtu mmoja alisema aletewe kasha la soda akanyagie. Ruben alikuwa ameshaanza kwenda.

Mujinga alishatangulia. Beseni lilikuwa karibu na mlango wa chumba. Alizichukua zile nguo nyeusi, akazikunja mara mbili, akaziviringisha kwa nguvu, akaingiza pembe ndani kama anavyofunga mto wa fotei, akafunga mzigo ule kwa kilemba cha ujane chenyewe. Ukawa mto mnene, mgumu. Akapiga magoti akausukuma chini ya miguu ya mkwe wake.

"Zile ni za kuchoma," Zéphirin akasema, bila ukali, ila akasema.

Jeanne aliutazama ule mzigo. Akakanyaga kwa mguu mmoja, akajaribu uzito wake. Akashusha wa pili. Mabega yake yakalegea, mgongo ukarudi nyuma taratibu mpaka ukakutana na kigauni, na pale ukatulia.

"Zéphirin," akasema, "usichome. Minazikanyaga."

Zéphirin akakuna shingo, akatazama picha ya kaka yake ukutani, akaketi. Nje mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea, na madumu ya munkoyo yakaanza kufunguliwa.

Mujinga alibaki sakafuni, kwenye mkeka uliokuwa sasa mtupu, bega lake likigusa mguu wa kiti. Kutoka pale chini aliweza kumwona Jeanne mzima: skai na shaba kando ya visigino vyake, kitambaa cha watoto, ovaroli, ndege wa buluu wakimzunguka viwiko. Yule mama mdogo alikuwa amezama humo ndani, na nguo zote za maisha yake zilikuwa zimemshika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekuta pindo la ndege na kulala juu yake.

Watu walikuwa wakipiga kelele, hakuna aliyekuwa akimsikiliza Mujinga. Akafungua mdomo, akasema kwa sauti ndogo, akimjibu mtu aliyefariki akingoja jibu hilo.

"Mama, alikivwala."